Alilipiza kwa Sahani

Direkteri wa Disiplini wa shule yetu, pale juu karibu na Lushebere, hakumpiga mtoto hata siku moja. Alingoja. Afadhali angetupiga.

Mwenzangu Bahati aliwahi kumchora ubaoni akiwa mbuzi aliyevaa tai. Direkteri aliingia, akamtazama yule mbuzi kwa utulivu kama mnunuzi sokoni, akasema tu, "Pembe ya kushoto iko mufupi," akafuta, akaanza somo. Tukadhani yameisha. Mwaka ukazunguka. Siku ya Bahati kupokea kipaimara, shati jeupe, bibi yake ametoka mbali, wazazi na wageni wamejaa sebuleni, Direkteri akasimama kutoa pongezi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa chaki.

"Huyu kijana iko na talanta," akasema. "Bahati, mutoto wangu, utuchorere ile mbuzi. Na tai yake. Bazazi baone."

Bahati alichora ukutani. Bibi yake akauliza kwa sauti, "Mbona inafanana na Direkteri?" Tangu siku hiyo Bahati akiona chaki anatafuta mlango.

Mtu huyo ndiye ninayetaka kumwandika. Alivaa suti ya rangi ya chai na buti za mpira, kwa sababu matope ya Masisi hayaheshimu suti. Kichwa chake kilihifadhi makosa ya watu jinsi wengine wanavyohifadhi nyimbo. Na nyimbo pia alizijua: ndiye aliyeongoza korali ya parokia, na solo zote za msamaha alijipa mwenyewe. Aliimba "tusameheane" macho yamefumbwa, uso umejaa mbingu, na wimbo ukiisha tu anafungua macho na kusema, "Soprano ya tatu, ulichelewa Jumapili ya Pasaka. Sijasahau."

Mimi aliniita Waziri wa Kelele. Nilikuwa nimestahili.

Udhaifu wake ulikuwa torchi. Mtu mkali vile, lakini mchuuzi yeyote akimwonyesha torchi ya kuchaji kwa jua, yenye redio ndani na kitu cha kuwashia sigara (hakuvuta), alinunua. Torchi ilikufa kabla ya mwezi kuisha. Basi Direkteri alirudi sokoni, akasimama kando ya yule mchuuzi na torchi yake maiti mkononi, bila kusema neno, toka asubuhi hadi watu wafunge meza. Kila mteja aliyesogea aliiona ile torchi, akaona ule uso, akapita. Mwishowe mchuuzi alimrudishia pesa na nauli juu yake ili aondoke.

Jumatano, baada ya bendera kupandishwa, alikuwa na somo lake ambalo halimo katika programu ya serikali. Sisi tuliliita Somo la Mwizi. Alipanda juu ya jiwe, akakunja mikono ya suti.

"Leo mimi njo mwizi," alisema, yaani mwizi ndiye yeye. "Mutafute nimeweka mukono wapi."

Halafu alitudanganya. Mara alikuwa sauti ya simu inayolia kwamba imekutumia makuta, yaani pesa, kimakosa, umrudishie, mtoto wake yuko hospitali. Mara alikuwa kaka mwenye pikipiki mpya anayetafuta vijana wa kusajili laini za simu kwa majina yao, kisha wampe yeye hizo laini. "Kazi rahisi, hakuna jasho." Tulipaswa kupiga kelele pale mkono wa mwizi unapoingia. Nilikuwa hodari, maana kupiga kelele ni fani yangu.

Hakuwa na mafundisho mengi. Alirudia maulizo mawili hadi tukamwiga vyooni. La kwanza: "Anakuharakisha juu ya nini?" yaani kwa nini. La pili: "Nani amekatazwa kujua?" Na akaongeza, akimnyooshea kidole yeyote anayesinzia, "Muntu akikuambia usimwambie mama yako, weye uambie mama yako mbele ya kumaliza hata kusema."

Siku moja alituma ujumbe wa uongo kwa simu ya Mosi Préfet, yaani Bwana Mkuu wa shule mzima, mwenye miwani: Hongera, umeshinda frigo, usimwambie mtu, jibu haraka. Préfet alijibu haraka. Jumatano iliyofuata Direkteri alitangaza mbele ya bendera, "Mosi Préfet ameshinda frigo. Tumupigie makofi." Shule yetu haikuwa na umeme wa kuwasha friji, wala nyumba ya Préfet. Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka. Préfet naye akapiga, maskini, akiangalia viatu vyake.

Sasa ndipo akaja mtu mmoja. Tulimwita Mosi Burse.

Alifika msimu wa mvua na viatu visivyo na tope. Hilo pekee lingetosha kumfukuza, lakini tulilishangaa tu. Alisema anachagua wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wale wanaojiandaa na Egzeta, mtihani wa serikali, ili wapate burse, ufadhili wa kusoma chuo nje ya nchi. Dada yangu Neema alikuwa finalisti, wa kwanza darasani, kwa hiyo nyumbani kwetu jina la huyu bwana likaanza kutajwa kwenye sala ya chakula.

Direkteri alimkalisha ofisini, mlango wazi, na sisi masikio dirishani.

"Unataka makuta ngapi?"

"Hata franga moja, Papa. Burse ni ya bure."

"Unatuharakisha juu ya nini?"

"Siharakishi muntu. Mufikiri hata mwaka."

"Nani hapaswi kujua?"

"Bote bajue, Papa! Muite bazazi, muite Padri, muite na shefu."

Alijibu kama mtoto aliyeiba maswali ya mtihani, na kweli alikuwa ameyaiba: wiki nzima alikuwa akiwanunulia Bahati na wenzake maandazi, akiwauliza Direkteri wao hufundisha nini Jumatano. Kisha akaenda kwenye mazoezi ya korali, akakaa nyuma, na Direkteri alipofika kwenye solo yake, Mosi Burse akalia. Akalia machozi ya kweli, akitumia kitambaa.

Hapo disiplini ikafa. Wiki ileile Direkteri alimpa ng'ombe.

Wasiotoka kwetu nitawaeleza. Katika nyumba za wafugaji wa Masisi, ukimpa mtu ng'ombe hujamlipa kitu. Umemfanya rafiki. Yeye hunywa maziwa nyumbani kwako, husimama mbele ya majirani, hutaja jina lako na kuapa kwamba mlango wake ni mlango wako, watu hupiga makofi, na siku moja, akipenda, huleta ndama wa shukrani. Hakuna karatasi. Anayeuliza lini ndama atakuja amejivua nguo mwenyewe. Mosi Burse hakuomba ng'ombe hata mmoja. Alisifu tu. Alisimama kwenye uzio, akasema, "Ee, Mungu anapenda hii nyumba," akanyamaza, akaacha adabu zetu zifanye kazi. Baada ya Direkteri, baba yangu naye akaona aibu kubaki nyuma. Alimpa Gaju, mtamba mwekundu aliyetengwa kwa ajili ya masomo ya Neema. Nyumba saba zilitoa. Mara saba aliapa, mara saba alikunywa mashanza, yale maziwa yetu ya kuganda, na kulamba midomo. Kisha akateremka na kundi lake, na simu yake ikaacha kuitika.

Papa, yaani baba yangu, alikwenda kushitaki kwenye ofisi ya serikali. Bwana aliyekuwa ofisini alimsikiliza, kalamu sikioni.

"Alikuomba ng'ombe?"

"Hapana."

"Weye ulimupa?"

"Ndiyo."

"Na makofi mulipiga?"

"Tulipiga."

"Sasa unashitaki nini, Papa? Kwamba uko na rafiki?"

Walicheka hadi mlinzi akaingia kuuliza kuna nini.

Papa alirudi mfupi. Na kwa kuwa shida haiji peke yake kama mgeni mwenye adabu, akatokea mfanyabiashara wa Walikale, mjane mwenye tumbo na magari mawili ya kubeba mawese, akamtaka Neema. Ng'ombe angeleta, tena wengi. Papa hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Tutaona," na mama akaacha kuongea naye. Neema alisoma vitabu vyake kama mtu anayekula kabla ya kufukuzwa mezani. Sote tulijua hesabu ilivyokaa: Gaju asiporudi, atakwenda Neema.

Jumatano iliyofuata Direkteri alipanda jiwe lake. Hakukunja mikono ya suti.

"Leo mwizi haiko mimi," alisema. "Leo mimi njo mwenye kuibiwa."

Akasimulia yote mbele ya watoto wa mwaka wa kwanza hadi wa sita: viatu safi, maswali, solo. Akasema, "Nilimuuliza anataka nini, akasema hataki kitu, na mimi nikalala hapo. Muangalie mukono ulikuwa wapi. Aliuweka mu sifa. Nilisifiwa, na muntu mwenye kusifiwa anaona aibu kuuliza risiti. Mukisifiwa, mushukuru, halafu muulize. Kama ni rafiki, atajibu."

Kulikuwa kimya hata bendera ilisikika. Na katika kimya hicho mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Ilikuwa ile picha ya Direkteri akiimba na jamaa akilia. Nilicheka peke yangu, kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Direkteri aliniangalia, akatikisa kichwa polepole, akaniandika kichwani mwake.

Miezi michache baadaye risasi zilikuja mlimani na sisi tukashuka, kama watu wengi wa huko wanavyoshuka, magodoro kichwani, hadi Bweremana kando ya ziwa. Tulipewa madarasa ya shule ya msingi kulala. Zile nyumba saba zote zilijikuta pale, na Direkteri na buti zake. Vita haikutufanyia jema lolote isipokuwa hilo moja.

Asubuhi moja Papa alikuwa akinawa uso ziwani. Mchungaji mmoja akaleta ng'ombe kunywa maji. Papa akainua kichwa, akaita kwa sauti isiyokuwa yake, "Gaju?" Mtamba mwekundu akageuza masikio, akaacha maji, akaja hadi kumnusa shingoni. Mchungaji akasema kwa adabu kwamba hii ni mali ya bwana mmoja mwenye duka kule juu, mtu mzuri sana wa Mungu, wanataka kumfanya mukubwa wa shirika, yaani kiongozi wa Wakristo wa mtaa wao.

Papa alirudi darasani, akachukua panga. Direkteri alikuwa mlangoni. Alikuwa amefunga tai, sijui kwa nini, labda alilala nayo.

"Unaenda wapi?"

"Kukata muntu."

"Ukimukata, yeye ataenda hospitali, weye utaenda jela, na binti yako ataenda Walikale. Rudisha panga."

"Direkteri, toka mu mulango."

"Rudisha panga, Papa Neema. Kamata sahani."

"Sahani?"

"Sahani. Na kijiko. Aliapa nini nyumbani kwako?"

Papa akafikiri. "Kwamba mulango yake ni mulango yangu."

"Na kwangu aliapa vile vile. Sasa shiye ni bakimbizi, tuko na njaa, na tuko na rafiki hapa Bweremana." Akatabasamu, na mimi niliyemjua nikaogopa kwa niaba ya mtu mwingine. "Akitupokea, tunakula. Akitufukuza mbele ya bantu, amekana urafiki, na mwenye kukana urafiki anarudisha ng'ombe. Achague."

Jumapili, misa ilipotoka, tulipanda kwenda kwake: nyumba saba, wazee, vichanga, kila mtu na sahani yake, na korali mbele ikiimba. Majirani walitoka kutazama. Mosi Burse alikuwa barazani na viatu vyake safi. Alipotuona, uso wake ulifanya kama maziwa yaliyotiwa ndimu.

"Rafiki!" Direkteri alimkumbatia mbele ya mtaa mzima. "Vita imetusukuma, tukasema, tutaenda kwa nani? Tuko na rafiki!"

Mke wa Mosi Burse akatoka jikoni. "Hawa ni nani?"

Direkteri akamweleza. Hakusema neno baya hata moja. Aliwasimamisha wenye nyumba mmoja mmoja, na kila mmoja akasema mbele ya majirani ni ng'ombe gani alimpa mume wake, na mume wake aliapa nini. Yule mama hakujua habari hizo; alijua ng'ombe wamenunuliwa. Akafurahi hadi akashika kifua. "Kumbe uko na marafiki benyi hivi na hukuniambia! Mukaribie, bandugu!" Akawasha moto wa pili.

Tulikula. Sombe ya majani ya muhogo, bugali, sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani. Nilikula kwa hasira, nikirudi kila mara na uso wa mtoto yatima, na kila nikinyoosha sahani nilisema, "Aksanti, rafiki ya Papa." Mosi Burse alipakua mwenyewe.

Na hatukuondoka. Tulilala barazani, dukani, katika zizi. Korali ilianza mazoezi kabla jogoo hajaamua, chini ya dirisha lake, na Direkteri alikataa kila wimbo mpaka uimbwe tena. Kuhusu sahani zote za nyumba saba, asubuhi na jioni, Direkteri aliita jina moja tu.

"Waziri wa Kelele. Ulicheka peke yako, utaosha peke yako."

Niliosha. Vidole vyangu vilikunjamana kama vya bibi kizee.

Mosi Burse alijaribu kumvuta Papa pembeni, akanong'ona, "Mutoke na hawa bantu, nitakupatia yako."

"Sema kwa sauti, rafiki," Direkteri aliita toka upande wa pili wa uwanja. "Hapa hakuna mwenye kukatazwa kujua."

Mke wa Mosi Burse alisikia. Alikuja na mwiko mkononi, akauliza nini kirudishwe, na kwa nini. Sikuelewa yote yaliyosemwa ndani ya nyumba siku ile, ila mwiko nilielewa.

Ng'ombe walirudi. Kwa wale aliokwisha kuwauza alitafuta wengine badala yao, akauza pikipiki yake kwa ajili hiyo. Ukubwa wa shirika ukapewa mtu mwingine. Papa alipokea kamba ya Gaju, hakuikunja mkononi mwake, akaenda nayo moja kwa moja hadi kwa Neema aliyekuwa amekaa na kitabu, akamwekea mapajani.

Mfanyabiashara wa Walikale alipofika na wajomba zake, Neema mwenyewe ndiye aliyewamiminia chai. "Karibu, Papa," alimwambia, na neno lile likamkaa vibaya yule bwana. "Mukunywe haraka, barabara ya kurudi iko mubaya, na mimi niko na Egzeta." Papa akawafungulia mlango. Mama alicheka, na usiku huo akaanza tena kuongea na Papa, hasa kumlaumu.

Neema alifaulu. Mimi bado nasoma, mwaka wa tano, chini ya maturubai hapa Bweremana, na ningekuwa nimemaliza habari hii kama Jumapili iliyopita nisingekutana na Direkteri njiani. Amekonda, anakohoa, anatembea na fimbo. Nyuma yake walikuwa watoto wapya wa mwaka wa kwanza, wamejipanga mstari, kila mmoja na sahani.

"Waziri wa Kelele," aliniita. "Tafuta sahani."

"Direkteri, bado munaenda kule?"

"Ni rafiki yangu," alisema, kana kwamba nimemtusi.

Kumbe siku ile ya kurudisha, wenzake sita walipochukua ng'ombe wao, yeye alimwacha wa kwake zizini. Watu walidhani ni uzee. Nilikwenda nao, na nikaona.

Mosi Burse alituletea viti bila kuambiwa. Amezeeka kuliko Direkteri. Watoto walipopata chakula, Direkteri alimwonyesha kiti cha katikati, na yule bwana akakaa kama anayekaa kila Jumapili.

"Muulize," Direkteri aliwaambia watoto. "Mimi nilikuwa nacheza tu mwizi. Huyu njo mwenyewe."

Msichana mmoja, mashavu yamejaa bugali, akauliza, "Papa, unamujuaje muntu wa kuibia?"

"Naangalia mwenye aibu ya kuuliza," alijibu, macho chini.

"Na kama anauliza?"

"Namusifu kwanza. Akiuliza tena, ninaaga."

"Ukiaga unaenda wapi?" mvulana akadakia.

"Kwa jirani yake," akasema Mosi Burse, na watoto wakapiga kelele wote pamoja, vijiko juu, kama tulivyokuwa tukipiga sisi.

Waliuliza hadi sufuria ikakaribia kuisha. Ndipo Mosi Burse akainuka, akaenda zizini, akarudi akimvuta ng'ombe wa Direkteri, na ndama wake nyuma. Akapiga magoti mbele ya wale watoto, kamba mikononi.

"Papa, nakuomba. Kamata ng'ombe yako. Kamata na mutoto yake. Kamata na kamba. Imetosha."

Hakuna aliyetafuna. Ndama alinusa sahani yangu. Direkteri aliitazama ile kamba kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa mtu mchovu, mwenye kikohozi, ambaye maziwa yangemfaa kweli. Mkono wake ukanyanyuka. Nikadhani anaichukua.

Ulipita juu ya kamba, ukachota sombe ya mwisho.

"Rafiki," akasema, akitafuna, "wiki hii mumesahau chumvi."